Anayezima moto wa msitu apewe haki yake

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Methali hii tumeizoea sana katika insha za wanafunzi wetu, lakini yaelekea bado haijafika katika ofisi zinazosimamia misitu yetu. Kila kiangazi kinapokaza, hasa kati ya Januari na Machi, sisi wakazi wa Kiganjo, Nyeri mjini, Naro Moru na Nanyuki huinua macho kuutazama mlima, si kwa ajili ya uzuri wake, bali kuangalia iwapo kuna moshi. Moshi ukionekana, mwito hutolewa. Askari wa misitu na wa wanyamapori hupanda kwa magari yaliyopo, na nyuma yao hufuata wanakijiji wenye mapanga, majembe na matawi mabichi. Baada ya siku kadhaa moto huzimwa. Wakubwa hutoa shukrani zao redioni. Kisha watu hurudi makwao na masizi usoni, na suala la ujira wao huzimika pamoja na moto.

Leo nataka kutetea jambo moja tu. Mtu yeyote anayeitwa na serikali kwenda kuzima moto katika msitu wa serikali ni mfanyakazi wa serikali kwa muda wote anaopambana na moto huo. Kwa hivyo anastahili ujira, vifaa na fidia kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kumwita mtu wa kujitolea hakubadilishi kazi aliyoifanya, wala hakuponyi mguu uliovunjika korongoni.

Kwanza tujikumbushe ni kitu gani hasa kinachookolewa. Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5,199, ulifanywa Mbuga ya Taifa mwaka 1949, na mwaka 1997 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hizo ni sifa zinazowavutia watalii. Kwetu sisi wananchi, mlima huo na safu ya Nyandarua ulio mkabala nao ni matangi ya maji. Mito inayotoka humo huujaza Mto Tana, na Tana ndio unaozungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa jijini Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, ambalo hulishwa na mito ya Nyandarua. Upande wa kaskazini, Mto Ewaso Nyiro huwanywesha watu na mifugo wa Laikipia, Isiolo na Samburu. Kwa hiyo mwanakijiji anayepiga moto kwa tawi katika miinuko ya Mlima Kenya analinda pia bomba la mkazi wa Nairobi ambaye hajawahi kukanyaga Nyeri.

Aidha, moto huu si jambo la nadra. Itakumbukwa kuwa mnamo Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza maeneo mapana ya Mlima Kenya, na katika msimu uo huo Nyandarua nako kukawaka. Mwaka 2019 mlima uliungua tena. Mwezi wa Februari 2022 ilikuwa zamu ya Nyandarua. Katika mikasa hii walionekana askari wa misitu na wa wanyamapori, wanajeshi, wafanyakazi wa mashirika ya uhifadhi, na daima wanakijiji. Jambo linalotokea mara kwa mara, katika miezi inayojulikana, haliwezi kuitwa dharura isiyotarajiwa. Ni kazi ya msimu kama vile kuchuma kahawa ni kazi ya msimu, na kila mwenye kahawa hapa Nyeri anajua kwamba mchumaji hulipwa.

Huenda msomaji aliye mbali na mlima akadhani kwamba kuzima moto wa msitu ni kama kuzima moto wa nyumba, yaani gari jekundu lije na bomba la maji. Sivyo kabisa. Juu ya ukanda wa mianzi, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, hakuna barabara ya kupitisha gari hilo. Watu hupanda kwa miguu kwa saa nyingi. Huko juu hukuta nyasi ndefu kavu na vichaka vinavyoshika moto upesi mno. Maji yakipatikana ni yale yaliyobebwa mgongoni. Kazi yenyewe ni kuupiga moto kwenye ncha zake, au kufyeka na kuchimba ukanda mtupu mbele yake ili ukose cha kula. Udongo wa mlimani una mboji nyingi, na moto huweza kujificha chini yake siku kadhaa kisha ukafufuka nyuma ya watu wanaodhani wamekwisha ushinda. Upepo nao hugeuka ghafla. Mchana kuna moshi unaochoma mapafu, na usiku kuna baridi kali ya mlimani inayomkuta mtu aliyelowa jasho. Je, hii ni kazi ya kumpa mtu kwa malipo ya soda na mkate?

Kwa kadiri nionavyo, wanaoifanya kazi hiyo wamegawanyika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la askari walioajiriwa na Shirika la Huduma za Misitu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hawa wana mshahara na namba ya kazi, ingawa kulinda msitu ni kazi ya mwaka mzima na wakati wa moto saa zao hazina mwisho. Fungu la pili ni la vibarua wanaochukuliwa kwa siku chache, bila barua wala mkataba. Fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa moto unapokuwa mkali, ni la wanakijiji ambao huitwa kwa jina zuri la watu wa kujitolea.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyepata kupanda mlimani mara nyingi, aliniambia hivi: “Mwalimu, mimi sikatai kwenda. Mlima ukiungua, mto wangu unakauka. Lakini safari ya mwisho nilirudi bila viatu, soli ziliyeyuka. Nilipouliza habari ya viatu nikaambiwa jina langu halimo mahali popote.” Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Mzee huyu hakudai utajiri. Alichogundua ni kwamba, kwa hesabu za serikali, hakuwapo mlimani.

Na hapo ndipo penye kiini cha dhuluma hii. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa haki katika kazi, na kwamba kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki na mazingira yafaayo ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pasipo kumtoza mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka uo huo, huwapa wategemezi wa mfanyakazi aliyefia kazini fidia ya mapato yake ya miezi 96. Sheria hizi ni nzuri. Lakini ile ya fidia humtambua mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa kazi na kwa ujira. Mtu asiye na mkataba, asiye na ujira na ambaye jina lake halimo mahali popote, hana mlango wa kuingilia. Mapato ya miezi 96 ya mtu ambaye hakulipwa kitu ni kiasi gani? Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kupiga hesabu hiyo: 96 mara sufuri.

Tatizo jingine ni kwamba moto wa msituni una mabwana wengi. Jedwali la Nne la Katiba liliwapa magatuzi kazi ya uzimaji moto na kukabiliana na majanga. Misitu ya umma ya kitaifa iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na Mbuga ya Taifa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Moto haujui mipaka hiyo. Huanzia kwenye shamba la mtu, ukaingia msituni, ukapanda hadi mbugani kabla ya jua kutua. Mwanakijiji anayeufuata hupita katika himaya tatu kwa siku moja. Akiumia, kila ofisi humwonyesha mlango wa ofisi nyingine. Hakika mwenye mabwana watatu ndiye asiye na bwana hata mmoja siku ya malipo.

Zipo hoja zinazotolewa kupinga malipo haya, na si haki kuzipuuza. Hoja ya kwanza husema kwamba kuulinda msitu ni wajibu wa kizalendo, na kwamba taifa letu lilijengwa kwa harambee. Nakubali kwamba kuna wajibu. Lakini askari polisi naye ana wajibu wa kizalendo. Hapa Kiganjo ndipo vijana wa taifa hili hufunzwa kazi ya polisi. Kijana akihitimu katika chuo hiki hutoka na namba ya kazi, sare, viatu, mshahara na matumaini ya pensheni, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mshahara humpunguzia uzalendo. Harambee ilikusudiwa kuwa mahali ambapo kila mtu huchangia. Katika moto wa mlima, mkulima huchangia mapafu yake. Mkazi wa mjini anayefaidi maji na umeme huchangia nini?

Hoja ya pili husema kwamba wanakijiji hufaidika na msitu, na kwamba kuzima moto ni sehemu ya maelewano yao na serikali kupitia vyama vya jamii vya misitu, ambavyo vilitambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 na kisha na sheria mpya ya mwaka 2016. Hoja hii ina uzito, lakini imesahau jambo moja. Anayelisha ng'ombe msituni hulipa ada. Anayeokota kuni hulipa ada. Anayelima kishamba kati ya miche hulipia kishamba hicho, na juu ya hayo huitunza miche ya serikali hadi ikue. Amekwisha kulipa kwa fedha na kwa jasho. Mtindo wa kumpa maskini kipande cha ardhi ili serikali ijipatie nguvukazi rahisi si mpya. Mfumo wa shamba ulianzishwa zama za ukoloni, mnamo mwaka 1910, ukimruhusu Mwafrika kulima msituni kwa masharti ya kuitumikia Idara ya Misitu. Haifai taifa huru kuuhifadhi moyo wa mfumo huo baada ya kubadilisha jina lake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Husemwa kwamba ukimlipa mtu kwa kuzima moto, atakuja mwingine mwenye njaa awashe moto ili apate kibarua. Hatari hiyo ipo, lakini inatokana na kulipa kwa kila moto, si kulipa kwenyewe. Dawa yake ni kuwalipa watu kwa ajili ya msimu. Kikundi cha kijiji kiandikwe kazi kuanzia Desemba, kifyeke mikanda ya kuzuia moto, kifanye doria, kiwaonye warina asali na wachoma makaa, kisha kilipwe mshahara ule ule uwe moto umewaka au haukuwaka. Hata bahshishi yaweza kuwekwa kwa kijiji ambacho msitu wake umemaliza kiangazi salama. Hapo mwenye njaa atakuwa mlinzi wa kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ufa huu ni ndogo kuliko gharama ya helikopta.

Nchi nyingine nazo zimepitia njia hii. Nchini Marekani, kwa miaka mingi wazimamoto wa misitu wa serikali kuu waliandikwa kazi kama mafundi wa misitu, na hadi mwaka 2021 baadhi yao walilipwa chini ya dola 15 kwa saa katika nchi ambayo maisha ni ghali mno. Mnamo Juni 30, 2013, wazimamoto 19 wa kikosi kimoja cha mji wa Prescott waliteketea pamoja huko Yarnell, katika jimbo la Arizona. Baada ya maziko ikabainika kwamba wengi wao walikuwa wameajiriwa kwa msimu tu, na kwamba familia zao zilihesabiwa kuwa hazistahili mafao kamili kama familia za wenzao wa kudumu. Moto haukuwabagua, lakini daftari la mishahara liliwabagua. Sheria ya mwaka 2021 iliwapa wazimamoto wa serikali kuu nyongeza ya muda, na ni mwezi wa Machi 2025 tu ndipo nyongeza ya kudumu ilipopitishwa. Ilichukua miaka ya kupiga kelele, na waliopiga kelele walikuwa wazimamoto wenyewe.

Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini ilianzisha mwaka 2003 mpango wa serikali unaowachukua vijana wasio na kazi, kuwafunza kuzima moto wa nyika na misitu, kuwavisha na kuwalipa. Na kwa jirani zetu wa Tanzania, moto ulipozuka katika Mlima Kilimanjaro mnamo Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kuuzima, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Yafaa wanafunzi wetu walijue hilo, maana siku moja mwito huo waweza kubisha mlango wa bweni lao. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa shule asipelekwe motoni kamwe, na mwanafunzi wa chuo asipelekwe kabla ya kufunzwa, kuvishwa na kukatiwa bima.

Walimu wenzangu, sisi ndio tunaopaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Twakumbuka mgomo wa mwaka 1997 na mkataba wa nyongeza uliotiwa sahihi, kisha tukasubiri miaka mingi utekelezwe. Twajua kwa uchungu kwamba ahadi ni deni. Juzijuzi tumewaona walimu vijana wa sekondari msingi wakifundisha vipindi kamili kwa posho isiyozidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa sababu tu waliitwa wanagenzi. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka haki yao ya kutendewa haki katika kazi, na mapema mwaka 2025 maelfu yao wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Jina la mwanagenzi lilitumiwa kupunguza mshahara wa mwalimu. Jina la mtu wa kujitolea hutumiwa kuufuta kabisa mshahara wa mzimamoto. Tofauti ni kwamba walimu wana vyama, nao wazima moto wa mlima hawana hata orodha.

Hapa Nyeri tuna mfano wetu wenyewe wa kufuata. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Tetu, alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, hakuwaambia kina mama wa vijijini kwamba uzalendo unatosha. Aliwapa malipo, ingawa madogo, kwa kila mche ulioshika. Alifahamu kwamba maskini akilinda mali ya umma bila malipo, umma mzima unakula jasho lake. Mwaka 2004 dunia ilimpa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Tangu Desemba 2022 serikali imetangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa likizo ya kitaifa ili tukapande miti. Ni jambo jema. Lakini kupanda mche mbele ya kamera ni kazi ya dakika 5, na kiangazi kimoja chatosha kuiteketeza kazi ya miaka 30.

Basi yafanyike haya. Kwanza, kila kituo cha misitu kiwe na daftari la wazimamoto wa jamii, waliofunzwa na kuandikwa majina kabla ya Januari. Pili, walipwe kwa msimu, na kwa kila siku ya moto ujira usiopungua kima cha chini cha kutwa kinachotangazwa na serikali. Tatu, wapewe viatu vya ngozi, glavu, miwani, kofia na mavazi yasiyoshika moto upesi, pamoja na chakula na mablanketi ya usiku. Nne, kila jina katika daftari hilo lihesabiwe kuwa ni la mfanyakazi kwa mujibu wa sheria ya fidia. Tano, serikali kuu na magatuzi yanayouzunguka mlima yakubaliane kwa maandishi nani ndiye mwajiri siku ya moto, ili asiwepo wa kunawa mikono.

Fedha zitoke wapi? Bili zetu za umeme zina tozo la Mamlaka ya Rasilimali za Maji linalotokana na umeme wa maji. Sehemu ya tozo hilo irudi kwa wanaoyalinda maji hayo yanakoanzia. Huo hautakuwa msaada wala hisani, bali malipo ya huduma ambayo taifa limekuwa likiitumia bure.

Ninyi wanafunzi mtakaoketi katika ofisi hizo kesho, mkisoma taarifa kwamba moto umedhibitiwa kwa ushirikiano wa jamii, ulizeni maswali matatu: walikuwa wangapi, majina yao ni yapi, na walilipwa kiasi gani? Na kwa serikali natoa wito kwamba isingoje kiangazi kijacho. Daftari na kalamu havihitaji bajeti kubwa. Yaandikwe kwanza majina ya watu hawa, maana haki ya mfanyakazi huanza pale mwajiri anapokiri kwamba alikuwapo kazini.